Viungo 500 vya kuelekea tovuti yangu: ninunue?

Mtembeza Wageni, Bagamoyo:
Ndugu zangu, nina tovuti ya kutembeza wageni Kaole na Mji Mkongwe, lakini mwaka wa pili huu Google haionyeshi kabisa. Kijana mmoja ameniahidi viungo 500 (link, yaani maandishi ya kubofya yanayomleta msomaji kwangu) kutoka tovuti nyingine kwa malipo ya mkupuo mmoja, ati Google inipandishe. Je, vina faida?

Fundi Tovuti:
Usivinunue, kaka. Tangu Google ilipoleta mfumo wa Penguin, wa kunasa viungo vya hila, mwaka 2012, viungo vya namna hiyo ama havihesabiwi, ama vinakushusha. Kiungo kimoja kutoka tovuti ya gazeti au chuo, kilichowekwa na mtu aliyesoma ukurasa wako akaona utawafaa wasomaji wake, kinavizidi vyote 500. Nimeifungua tovuti yako: ni picha za machweo na bei tu (machweo yenyewe mazuri, sikatai). Nani ataiunganisha kwa hilo?

Mama Wageni:
Mimi niliandika ukurasa mmoja tu, unaoeleza njia ya kufika magofu ya Kaole kutoka stendi, nauli ya bodaboda, na makaburi yenye nguzo, pamoja na picha nilizopiga mwenyewe. Miezi ikapita kimya, kisha mwandishi mmoja wa safari akauwekea kiungo bila kuombwa, na wengine wakamfuata.

Mtembeza Wageni:
Ahsanteni. Kijana nimemjibu hapana. Nitaanza na ukurasa wa Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara hapa Bagamoyo, maana kila mgeni huniuliza wapagazi walilala wapi.