Re: Re: Barua ya mume, dipendanti inaisha

Nyar Nam, Kirumba:
Hamjambo majirani, wageni wenzangu wa hapa Mwanza. Wengi mnanijua, ni mimi yule wa hadithi za wake wanaopigwa, nazisoma sokoni Mwaloni mchana akina mama wakigeuza dagaa. Jana nilienda kuhuisha dipendanti, kibali changu cha kukaa Tanzania kama mke wa Mtanzania. Afisa wa uhamiaji akafungua faili, akauliza, "Barua ya mumeo iko wapi?" Nikamwambia tangu Februari sikai naye, PF3 ya polisi ninayo, Dawati lao la Jinsia wana taarifa yangu. Akaisoma PF3 mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia kwa vidole viwili kama tiketi ya daladala. "Hii ya polisi. Sisi tunataka ya mume." Nimebakiwa na wiki tatu. Nani ameshahuisha bila barua ya mume? Au kuhamia Daraja A, kibali cha wanaojiajiri? Naomba jibu la aliyefanya, si la aliyesikia.

Baba Hawi, Nyegezi:
Pole sana dada. Mimi niko Daraja B, mwajiri ndiye anahangaika nayo, kwa hiyo ya dipendanti siijui. Ila mwaka juzi walinizungusha wiki sita kwa ajili ya picha. Nilipiga nyuma nyeupe, wao wanataka bluu. Nikarudi studio, umeme hakuna. Wacha tu.

Mama wa Masaka:
Mnaona sasa. Sisi Uganda tuna sheria ya ukatili wa majumbani tangu 2010, mwanamke anakwenda kortini anapewa amri ya ulinzi. Hapa hamna kitu.

Mwalimu Mstaafu, Igoma:
Mama wa Masaka, usipotoshe watu. Sheria ya peke yake haipo, kweli. Lakini Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. 1971! Sisi Wakenya tulingoja mpaka 2015. Someni kabla ya kuandika.

Nyar Nam:
Mwalimu, kifungu hicho nakijua kwa moyo, nimekitia kwenye hadithi. Siku niliyoisoma, mama mmoja mwenye ndoo kichwani akasimama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na adhabu yake ni nini?" Nikaangalia karatasi. Kifungu hakitaji adhabu. Watu wakacheka, na yeye akaondoka. Lakini sikuuliza kuhusu ndoa, nimeuliza kuhusu barua.

Mwalimu Mstaafu:
Adhabu iko kwenye Kanuni ya Adhabu, shambulio ni shambulio. Ungemjibu hivyo.

Nyar Nam:
Ungekuja umjibu wewe.

Mkongo wa Mabatini:
Dada yangu, miye naona uombe uraia tu. Mke wa Mtanzania anaruhusiwa.

Mwalimu Mstaafu:
Mke, ndugu yangu. Mume akiwa hataki hata kuandika barua, atakusindikiza kwenye uraia? Na hapa hakuna uraia pacha. Katiba yetu ya 2010 inaruhusu, sheria ya uraia ya kwao hapana. Itabidi aukane Ukenya.

Nyar Nam:
Niukane? Baba yangu amelala Seme. Niende kupalilia kaburi lake kama mgeni?

Mama wa Masaka:
Basi dai talaka uchukue haki yako. Nenda baraza la kata, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa fomu namba 3, unaingia nayo mahakamani.

Baba Hawi:
Si anayo tayari? Amesema PF3.

Mama wa Masaka:
Baba Hawi!! PF3 ni ya polisi, unaenda nayo hospitali. Fomu namba 3 ni ya baraza la usuluhishi la ndoa. Ukichanganya hizo dirishani unarudishwa Jumatatu.

Mwalimu Mstaafu:
Na akishapewa talaka ataitegemea dipendanti ya nani? Fikirini. Mnamtoa kwenye maji mnamtupa matopeni. Aende Kivulini, lile shirika la haki za wanawake, wapo hapa Mwanza tangu 1999, kazi yao ndiyo hii.

Nyar Nam:
Kivulini nawafahamu, Mwalimu. Ya kupigwa nina wa kunishika mkono. Ya karatasi ndiyo nimeileta hapa. Miaka minne nawaambia wanawake wa ziwa hili watoke kabla hawajavunjwa, na mimi ili niendelee kusema hivyo nahitaji saini ya aliyenivunja mkono. Wa kulia, ndio ninaoandikia.

Mkongo wa Mabatini:
Mungu wangu.

Baba Hawi:
Pole, dada. Na halafu tunaambiwa Afrika Mashariki ni moja. Samaki anavuka bila pasi. Huku anaitwa sangara, kwetu mbuta, na ni yule yule.

Mama wa Masaka:
Na dagaa kwetu ni mukene. Wa hapa wana mchanga, samahani kusema.

Mwalimu Mstaafu:
Wanaanikwa chini, ndiyo maana. Wakianikwa kwenye chanja hawana mchanga. Omena, dagaa wa kwetu, wa Dunga ndio omena.

Baba Hawi:
Mwalimu umenikumbusha mbali. Nani anatoka Kisumu wiki hii? Naomba obambla watatu, wale samaki wa kupasuliwa na kuanikwa, wakubwa, wasiwe wa jana.

Mkongo wa Mabatini:
Shemeji yangu anavuka mpaka wa Sirari Ijumaa, anashukia stendi ya Nyamhongolo. Tuma pesa mapema.

Nyar Nam:
Majirani, barua. Zimebaki siku kumi na nane.

Baba Hawi:
Mkongo, shemeji anapokea kwa namba ya Kenya au ya huku?