Namibia wiki 3 kwa gari: jangwa, korongo, msitu. Nimesahau nini?

Kobe77
Wakuu, mwezi Juni mimi na mke wangu tunazunguka Namibia: Korongo la Fish River kusini tuteremke kutembea, Sossusvlei kwenye matuta ya mchanga ya jangwani, tupande Sesfontein hadi Opuwo kaskazini magharibi, tumalizie hifadhi ya Bwabwata kaskazini mashariki. Nimepiga hesabu ya kilomita 400 kwa siku. Pikapu ya fowili, hema juu ya keria, madumu 4 ya dizeli ya lita 20 nayo juu, maji lita 40. Nimesahau nini?

Mzee wa Spana
Hujasahau, umezidisha. Madumu hayo ni karibu kilo 70, ongeza hema, halafu yumba kidogo kwenye changarawe uone. Mimi nililaza gari ubavu hivyo hivyo. Mwendo 80 tu, barabara imenyooka, nyuma kukaanza kuteleza, nikakata usukani kwa pupa. Tulitoka wazima, ila mayai niliyakuta yamegandia darini.

Bakiza madumu mawili, yashushe nyuma kwenye bodi. Palmwag, Sesfontein na Opuwo mafuta yapo, lakini usipite kituo bila kujaza, kuna siku pampu zinakauka. Maji sawa: lita 5 kwa mtu, mna siku 4.

Kilomita 400 kwenye lami ni asubuhi moja. Kwenye changarawe ambayo yote ni rasta, vile vituta vya mfululizo, ni kutwa nzima, na kiuno kitakudai. Panga 250.

Upepo wa matairi: changarawe mimi nashusha hadi bar 1.8, mchanga mzito 1.2. Zile kilomita 5 za mwisho za mchanga kufika Sossusvlei watu wanazama kwa uvivu wa kuinama kwenye matairi, basi. Na pampu ya kurudishia upepo iwe yako, usitegemee ya kuazima.

Dira
Mzee kaacha nyasi. Juni mvua zimeshapita, kwenye njia za ndani huko kaskazini mashariki nyasi zinakuwa ndefu katikati ya alama za magurudumu. Mbegu zinaziba rejeta, majani makavu yanajikusanya juu ya ekzosi, gari linawaka moto. Funga wavu mbele ya rejeta, na simama mara kwa mara uchungulie chini. Dawa za malaria pia, kwa upande huo.

Sesfontein msilale ndani ya mto mkavu hata mchanga ukiwavutia. Tembo wa jangwani ndiyo barabara yao.

Halafu korongo: njia ya chini, kama kilomita 85, hufunguliwa 1 Mei hadi 15 Septemba, kwa hiyo tarehe ziko sawa. Ila kundi halipungui watu 3, na kila mtu na cheti cha daktari. Nyie wawili mtaishia kuchungulia kutoka juu.

Kobe77
Hilo la watu 3 sikulijua kabisa! Shemeji yangu ameshaanza kutafuta viatu. Madumu mke wangu kayashusha mwenyewe jioni hii. Mzee, na hema?

Mzee wa Spana
Nalo lishuke. Laleni chini, mfunge zipu mpaka mwisho, asubuhi mkung'ute viatu kabla ya kuvaa. Nge.