Naomba ushauri: moduli ya malipo inagoma kupakia baada ya kupandisha toleo jipya

Wakuu, habari za kazi. Niko Arusha, tuna mfumo wa bukingi za safari za watalii. Ukurasa mama unavuta moduli ya malipo kutoka seva nyingine kwa Module Federation ya webpack 5 (njia ya ukurasa mmoja kuvuta msimbo uliojengwa kivyake kwingine). Maktaba ya React ni moja kwa wote, hapo hatuna shida.

Tukipandisha toleo jipya, kivinjari cha mteja kinabaki na remoteEntry.js (faili inayoonyesha vipande vya moduli vilipo) ya zamani kwenye kashe. Inaita vipande vya msimbo ambavyo seva imeshavifuta: 404 (faili haipo), ukurasa mweupe. Na mtalii hasubiri, anahamia kampuni ya jirani!

Nafikiria kuiwekea remoteEntry.js hedi ya no-cache (kivinjari kiulize seva kwanza kabla ya kutumia nakala yake), na vipande vya zamani tusivifute mapema. Mwenzangu anataka jina la faili hiyo libadilike kila toleo. Sawa, lakini ukurasa mama utaijuaje anwani mpya? Mliopitia hili mnatumia njia ipi?