Labrador wa miezi mitano: amekonda, au ndivyo anavyotakiwa kukua?

Mama Neema, Moshi

Habari zenu ndugu zangu. Nina mbwa mchanga aina ya Labrador, dume, ambaye wiki hii ametimiza miezi mitano. Nilimpima kwa kusimama kwenye mizani nikiwa nimembeba, kisha nikasimama peke yangu na kutoa uzito wangu, nikapata kilo 17. Kila mgeni anayeingia kwangu hapa Rau husema mbwa huyu amekonda, na jirani yangu, ambaye amefuga mbwa kwa miaka mingi, amenishauri nimwongezee ugali na kumchanganyia ule unga wa mifupa wanaopewa kuku, ili miguu ikaze. Kwa sasa anakula mara tatu kwa siku: ugali wa dona na dagaa asubuhi na jioni, na mapafu ya ng'ombe mchana. Humaliza kabla sijafika mlangoni, kisha hulisukuma bakuli kwa pua hadi miguuni pangu na kuketi akinitazama, nami moyo huniuma.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni mguu. Kijana wangu humkimbiza jioni pembeni ya baiskeli, na tangu juzi, anapoamka, huukanyagia mguu wa nyuma wa kulia kwa tahadhari kwa hatua tano au sita ndipo atembee sawasawa. Je, ni upungufu wa chakula?

Mfugaji wa Njiro, Arusha

Pole na wasiwasi, Mama Neema. Uzito huo mimi haunipi shaka hata kidogo, kwa kuwa dume la Labrador likikomaa huwa na kilo 29 hadi 36, na huendelea kukua mpaka umri wa miezi 12 hadi 18. Badala ya kusikiliza wageni, mpapase ubavuni. Kunja ngumi na upitishe kidole juu ya vifundo vyake: ukizihisi mbavu hivyo, amekonda. Kisha unyooshe mkono na upapase mgongo wa kiganja: mbavu zikihisika hivyo, chini ya ngozi nyepesi, yuko sawa. Zikiwa zimezama kama mifupa iliyo chini ya nyama ya kiganja, amenenepa.

Kuhusu macho yale ya njaa, usiyafuate. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne katika wale waliowapima alikuwa na kasoro katika jeni iitwayo POMC, ambayo huhusiana na hamu kubwa ya chakula na uzito. Mbwa wa aina hii anaweza kuomba akiwa ameshiba. Mimi hupima kwa kikombe kilekile kila siku, nami huwakataza watoto kumrushia chochote mezani, hasa vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha.

Afisa mifugo mstaafu, Moshi

Mwanangu, huo unga wa mifupa uache kabisa. Mbwa mchanga wa umbo kubwa hana uwezo mzuri wa kukataa kalisi, yaani madini yaliyomo kwenye mifupa, inayozidi mwilini, na ikizidi, mifupa hukua vibaya badala ya kukaza. Ugali mwingi nao humwongezea uzito ilhali viungo bado ni laini, na Labrador tayari ni aina inayojulikana kwa matatizo ya nyonga na viwiko. Ukimudu chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wakubwa, ndicho kilicho salama zaidi, kwa sababu kulinganisha madini jikoni ni kazi ngumu.

Hayo mapafu yachemshe mpaka yaive ndani. Mapafu na maini mabichi ya machinjioni huweza kuwa na malengelenge ya minyoo tegu, ambayo humwingia mbwa, naye hutoa mayai kwenye kinyesi, na mtoto anayecheza naye akiyameza hupata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Nimekutana nao kazini, ndiyo maana nasisitiza.

Baiskeli isimame leo. Mwache acheze kwenye nyasi na apumzike anapotaka mwenyewe, na asiruke kutoka juu ya gari. Kuogelea kwenye maji matulivu kutamfaa baadaye. Kuchechemea kukiendelea, daktari wa mifugo amshike hiyo nyonga, na tafadhali usimpe dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki, kwani humwumiza tumbo na figo. Kadi yake ya chanjo inasemaje?

Mama Neema, Moshi

Shikamoo mzee, nawe mfugaji wa Njiro, asante sana. Nimempapasa: mbavu zake ni kama mgongo wa kiganja. Kadi ina chanjo ya kichaa cha mbwa ya miezi mitatu, lakini ya parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu, ameandikiwa mara moja tu, akiwa na wiki sita, kwa kuwa aliyeniuzia aliniambia inatosha.

Afisa mifugo mstaafu, Moshi

Marahaba. Haikutosha, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama yake huizuia chanjo ya mapema isifanye kazi, ndiyo maana hurudiwa mpaka wiki ya 16 au zaidi. Mpeleke kesho na kadi hiyo, apewe chanjo na dawa ya minyoo, na huo mguu utazamwe siku hiyohiyo. Mpaka amalize chanjo, asikutanishwe na mbwa wa mitaani.