Mvuta bangi apelekwe rumande au hospitali? Naanza mimi

Ndugu zangu wa Bombo, Arua, Busia na popote Uganda mnapozungumza Kiswahili, kuna jambo lilitugawa barazani Ijumaa hadi watu wakaondoka bila kuagana. Swali lilikuwa hili: mtu mzima akikutwa na bangi au mairungi (yale majani ya kutafuna) ya kutumia mwenyewe, ahesabiwe mhalifu? Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema tukiliondoa kosa hilo tumewauza watoto wetu. Mimi nilikuwa na neno, nikakatizwa. Nalimalizia hapa, na atakayenipinga anipinge.

Tusichanganye mambo mawili kama tulivyofanya siku ile. Kuhalalisha ni mtu kufungua duka na kuuza. Mimi siombi hilo. Msafirishaji wa unga, yaani heroini, abaki na kesi yake nzito. Ninachoomba ni kwamba kijana mwenye msokoto mmoja mfukoni asipandishwe kizimbani kwa ajili ya huo msokoto.

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na tisa alipokamatwa nao. Kituo cha polisi sitakitaja. Tuliambiwa kiasi cha kutoa ili mambo yaishe palepale. Hatukuwa nacho siku hiyo, akapelekwa rumande. Majuma saba. Walilala ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wanageuka wote, na hilo si ajabu katika nchi ambayo magereza yake yana wafungwa zaidi ya 70,000 wakati nafasi zilizojengwa ni za watu takriban 20,000, na karibu nusu yao hawajahukumiwa. Aliingia akiwa mvutaji wa jioni. Alitoka akijua unga unauzwa wapi na nani anatoa kwa mkopo. Gereji alikokuwa anajifunza ufundi ilikuwa imeshachukua kijana mwingine. Dada yangu aliuza mbuzi wawili kulipia safari za kwenda kumwona, na hadi leo hakuna aliyeniambia majuma yale saba yalimkinga nani.

Mzee alisema sheria ni sheria. Sawa, lakini tuiangalie historia yake. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Mei 2023, baada ya wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso kushitaki. Kosa lililoiangusha? Wabunge hawakutimiza akidi, yaani idadi inayotakiwa, siku ya kuipitisha. Bunge likaipitisha upya Agosti mwaka huohuo, mairungi ikabaki humo. Kwa hiyo hukumu ile haikugusa kabisa swali letu, kama mtumiaji anastahili jela. Na wakati mkulima wa bangi asiye na leseni anahesabiwa mkosaji, huko Kasese bangi imelimwa chini ya mabanda, kwa leseni, ikasafirishwa Israeli kuwa dawa. Mmea ni uleule. Kilichotofautiana ni nani ana karatasi mkononi.

Tuje kwenye waragi, ile pombe yetu kali, maana barazani hakuna aliyeitaja, na wengine pale wana ndugu waliozikwa kwa sababu yake. Mwaka 2010 kule Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli, kemikali yenye sumu. Serikali haikuwafunga wanywaji. Iliwatafuta waliotengeneza, na baadaye, mwaka 2019, vile vipakiti vya plastiki vilivyokuwa mfukoni mwa kila mwanafunzi vikapigwa marufuku. Mnywaji alionekana kuwa ni mtu wa kuokolewa. Nataka jicho hilohilo limtazame mpwa wangu.

Lakini maneno yaliyonikosesha usingizi hayakuwa ya mzee. Yalikuwa ya shangazi mmoja aliyekaa karibu na mlango. Alisema: mwanangu akivuta ananipiga, na usiku pekee ninaolala ni ule ambao polisi wamemchukua, mkiliondoa kosa hilo, nitamwita nani? Watu walinyamaza. Nimelifikiri swali lake siku zote hizi. Jibu langu ni kwamba kumpiga mama ni kosa, awe amevuta au hajavuta, na akamatwe kwa hilo. Lakini najua, naye anajua, kwamba akienda kituoni kulalamikia kipigo anaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, na akitaja bangi ndipo gari linakuja. Sheria ya bangi imekuwa ngao yake kwa sababu ile iliyotakiwa kumlinda haitekelezwi. Yeyote anayesema kama mimi, na amjibu shangazi kwanza. Tena sikatai kwamba bangi inaweza kumvuruga mtu akili, hasa anayeanza mdogo.

Kuhusu waliojaribu: Ureno, mwaka 2001, iliacha kumshitaki mtu mwenye kiasi kisichozidi matumizi ya siku kumi. Dawa bado zimekatazwa na mtu hunyang'anywa, ila mtu anapelekwa mbele ya tume ndogo ambayo huwa na mwanasheria pamoja na mtaalamu wa saikolojia au mtu wa ustawi wa jamii, na kazi yao ni kumvuta kwenye matibabu. Maambukizi ya ukimwi kwa wanaojidunga yalishuka sana. Jimbo la Oregon, Marekani, nalo lilifuta kosa hilo mwaka 2021, na Septemba 2024 likalirudisha, kwani adhabu iliondolewa kabla huduma za matibabu hazijawa tayari, na watu wakabaki wakitumia dawa hadharani barabarani. Mzee akitumia mfano wa Oregon dhidi yangu, ana haki.

Hapo ndipo penye ugumu wetu. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Butabika wanatoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, tangu 2020, lakini hiyo ni ya waliozama kwenye unga, na Butabika iko Kampala. Mtu wa Koboko, kule mpakani kaskazini-magharibi, afikeje kila siku kunywa kipimo chake? Pesa ya kumlisha mpwa wangu majuma saba rumande ilipatikana. Ningependa kuiona ikilipa mshauri mmoja katika kila kituo cha afya cha ngazi ya nne kabla hatujagusa kifungu chochote cha sheria.

Bado sijui nimweke wapi mama anayeuza mafungu ya mairungi pale steji ya boda boda, anayesomesha watoto watatu kwa kazi hiyo. Si mtumiaji, wala si msafirishaji. Mimi naelekea kusema apewe leseni na akatazwe kuwauzia watoto, kama muuza pombe. Shangazi wa mlangoni nadhani atakataa. Nyinyi mngemweka wapi?