Kichaka cha majani mazito matutani Mambrui: ni mmea gani?

BintiMambrui: Habari za jioni wenzangu. Nyuma ya nyumba ya bibi, pale matuta ya mchanga yanapoanza, kuna kichaka kinachonifika kiunoni. Kiangazi nyasi zote zilikauka, chenyewe kibichi vilevile. Majani yananenepa na kung'aa, mapana nchani, membamba kwenye shina, yamesongamana mwisho wa matawi. Ua ni jeupe na limekaa nusu: petali tano zote upande mmoja kama kipepeo cha mkaa, upande wa pili hamna kitu. Kijana anayetusafishia kiwanja anataka kuking'oa kesho kutwa. Nimemzuia kwanza.

MzeeWaMiche: Mwanangu, hilo ua la nusu limeshasema: ni Scaevola. Pwani yetu ina aina mbili na maua yake yanafanana mno, kwa hiyo tafuta tunda. Likiiva jeupe ni Scaevola taccada. Likiwa jeusi la zambarau ni Scaevola plumieri.

Paje_Kusini: Huku kwetu Unguja ninao wa matunda meupe. Majani makubwa, kijani chepesi, na unanipita kimo. Matunda yake huelea, bahari ndiyo inayoyasambaza.

BintiMambrui: Shikamoo mzee. Nimetoka alfajiri, nikafunua majani, nikapata matunda matatu. Meusi! Ukubwa wa zabibu ndogo, laini, ndani kokwa gumu. Halafu nikafukua mchanga kwa mikono nikifuata shina. Vichaka nilivyodhani ni vinne vimeungana chini, ni mmea mmoja.

MzeeWaMiche: Marahaba. Basi ni plumieri, na hapo ulipofukua ndipo penye kazi yake. Mchanga unaoletwa na Mto Sabaki hupeperushwa na kusi, ukikifunika kichaka chenyewe huchipua juu yake, na tuta linashikwa hapohapo. Mking'oa, mchanga utahamia jikoni kwa bibi. Nakusihi sana kiacheni. Kule Florida mmea huuhuu ni wa asili, ila taccada iliyopelekwa kupamba bustani imeusonga fukweni. Hapa kwetu yote miwili ni wenyeji.

BintiMambrui: Nimemwonyesha kijana lile shina lililofukiwa. Amelitazama kwa muda, akarudisha mchanga mwenyewe, kisha akazungushia kamba ya katani. Atafyeka upande wa barabarani tu.