Naomba ushauri: draiva ya bei nafuu inayovumilia makosa

Mkaaji wa Kampemba

Wakubwa na wadogo wa hapa, nawasalimu. Nina umri wa miaka 52, nilianza gofu miaka miwili iliyopita hapa Lubumbashi, na kila siku ya posho, yaani Jumamosi, ninapotoka uwanjani huwa nimepoteza mipira minne au mitano, karibu yote ikiwa imeishia kwenye miti ya upande wa kulia. Fimbo za chuma nazimudu kiasi. Taabu yangu ni draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo. Niliyo nayo aliniachia mkwe wangu: kichwa chake ni kidogo, uso wake umelala nyuzi tisa tu, na mpini wake ni mgumu kama wa jembe. Mke wangu aliposikia kwamba nahitaji draiva, aliniuliza gari lenyewe liko wapi.

Nimetenga dola 200. Kuna draiva mpya kwenye intaneti kwa dola 120, yenye kichwa kikubwa na jina ambalo sijawahi kulisikia. Kuna pia PING G400 Max iliyotumika, ambayo rafiki yangu ameipata Ndola, Zambia, kwa dola 190, nayo ingepitia mpakani Kasumbalesa. Je, tofauti ya bei ina maana kwa mchezaji wa kiwango changu, au nisubiri hadi nipate fedha ya kununua toleo la mwaka huu?

Fundi wa Fimbo

Papa, toleo la mwaka huu liache kwanza. Kanuni za gofu zimeweka kikomo: kichwa cha draiva hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460, na uso wake hauruhusiwi kuusukuma mpira kupita kiwango ambacho, tangu mwaka 2008, kinawahusu wachezaji wote. Watengenezaji wakubwa walikwisha kukifikia kikomo hicho zamani, kwa hiyo draiva inayouzwa dola 600 huko Marekani haitakupa umbali wa ajabu kuliko ile ya 2018.

Unachokitafuta wewe ni kichwa kisichogeuka mkononi mpira unapogongwa nje ya katikati ya uso. Hilo hutokana na uzito kusogezwa nyuma na pembeni, mbali na kitovu cha kichwa, wala si ukubwa peke yake. Hapo ndipo draiva zisizo na jina hudanganya watu, kwa kuwa kichwa kinaweza kuwa kikubwa kama papai na bado uzito wake ukawa umekaa mahali pasipo na faida. G400 Max ina ujazo wa 458, na ilipotoka ilikuwa miongoni mwa zile zinazostahimili zaidi makosa. Mimi ningeichukua hiyo, lakini kwa masharti: umwambie rafiki yako aitikise karibu na sikio kusikiliza kama kuna kipande kinachocheza ndani, aangalie nyufa pale uso unapokutana na sehemu ya juu, na asome namba iliyochongwa shingoni mwa fimbo, pale mpini unapoingia kichwani, maana za kughushi ni nyingi. Halafu aulize mpini ni wa ugumu gani. Ukiletewa kichwa kizuri chenye mpini wa kijana anayepiga kwa nguvu, utakuwa umenunua taabu ileile kwa rangi nyingine.

Yaya wa Katuba

Naongezea kuhusu nyuzi za uso, kwa sababu wanaume wengi huona aibu kwa jambo hili. Papa, usichukue chini ya 10.5, na ukipata 12 usiikatae. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi lakini hauinuliwi na hewa kama kule pwani, hivyo anayepiga polepole anahitaji uso uliolala kidogo ili mpira upande. Wakati wa kiangazi ardhi ngumu hukusaidia kwa kuuviringisha mpira, ila mvua zikianza unabaki na ule umbali uliopita hewani tu. Mimi natumia Cleveland Launcher HB, ambayo shingo yake haina sehemu ya kurekebisha nyuzi, na sijawahi kuihitaji.

Kedi wa Zamani

Kabla ya kutoa hata dola moja, Papa, fanya hivi. Chukua kalamu ya wino wa ubao mweupe, weka nukta nene nyuma ya mpira, uupange nukta ikiutazama uso wa draiva, kisha upige. Alama itabaki usoni. Piga mipira kumi, ukifuta kila mara, ndipo utuambie alama zinaangukia wapi. Nimebeba mifuko ya watu miaka mingi, na nimeona wanaolaumu fimbo hali wanagonga kwa shingo yake.

Mkaaji wa Kampemba

Nawashukuru. Nimefanya jaribio la kalamu jana jioni, na majibu yake yamenitia aibu: alama saba kati ya kumi ziko upande wa ndani, karibu kabisa na mpini.

Kedi wa Zamani

Basi sehemu ya ugonjwa imeonekana. Mpira ukigongwa upande huo, kichwa hujipindua na kuupa mzunguko wa kuupeleka kulia, kwa hiyo hata uso ukiwa umenyooka, mpira bado utapinda. Shika mpini chini kidogo, kama inchi moja, bila kuusogelea mpira zaidi ya sasa.

Fundi wa Fimbo

Nakubaliana naye, ila nikumbushe kwamba ukiingia na uso uliofunguka, mpira utakwenda kulia hata kwa kichwa kizuri kuliko vyote. G400 Max itapunguza hasara ya kugonga pembeni. Kufunga uso ni kazi ya mikono yako.

Mkaaji wa Kampemba

Nimeelewa. Nimemwomba rafiki yangu apige picha ya shingo na ya maandishi yaliyo kwenye mpini. Ikiwa ni ya 10.5 na mpini ni wa kawaida, nitaomba nipunguziwe hadi dola 175, ili nibaki na kiasi cha ushuru wa mpakani. Ikiwa mpini ni mgumu, nitaulizia Launcher HB aliyoitaja Yaya.